Bwire Akiwepo: Maisha ya Jared Bwire Oguttu, 1981–2025

Yamesomwa na dada yake, Mwalimu Kate Taaka, nyumbani Dabani, Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025

Baba Padri, wazee wa ukoo, wakwe zetu kutoka Mella, majirani, na ninyi nyote mliovuka mpaka kuja kulia nasi: huyu tuliyemlaza mbele yenu ni Jared Bwire Oguttu, mdogo wangu. Nimeombwa niyasome maisha yake kwa heshima na kwa dakika kumi. Heshima nitajitahidi. Dakika kumi ni za mtu aliyeishi maisha yaliyonyooka, na Bwire sote tulimjua.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1981 hapa hapa Dabani, Wilaya ya Busia, Uganda, mtoto wa nne wa hayati Mzee Silvano Oguttu na Mama Agneta Mugeni, ambaye tunaye hapa mbele. Aliitwa Bwire kwa sababu alizaliwa usiku, na kwetu Wasamia mtoto wa usiku jina lake ndilo hilo. Mama anasema alikuja wiki tatu kabla ya siku zake, mkunga akiwa bado yuko msibani Lunyo. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Bwire kuwahi jambo lolote lisilohusu mpira.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1988. Alikuwa mtoto mpole, mwenye akili, na asiyefaa kutumwa kazi. Mwaka 1991 Mama alimwachia kazi moja tu: kulinda ulezi uliokuwa umeanikwa mkekani kule chini, pale shamba letu linapopakana na uwanja. Jioni tulipofika tulikuta kuku wa kijiji kizima wameshiba. Bwire alikuwa amesimama juu ya kichuguu, kopo la mafuta mdomoni, akiwatangazia mpira wazee wawili wasioona vizuri waliokuwa wamekaa chini yake. Baba alimchapa. Wale wazee wakaja kumwombea msamaha, wakasema mtoto amewaonyesha mpira, tumwache. Nakumbuka nilikasirika kuliko Baba, kwa sababu ulezi huo mimi ndiye niliyeupalilia.

Masomo ya sekondari aliyapata Tororo kuanzia mwaka 1996 hadi 1999, akamaliza kidato cha nne na alama nzuri katika fizikia. Kiswahili hakukisoma darasani. Alikiokota mpakani, vipande vipande, kama watu wengi wa upande huu. Mimi niliolewa upande wa Kenya na nimefundisha Kiswahili pale Busia kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote nilimsahihisha ndugu yangu kila alipofungua kinywa. Alikuwa akicheka, anasema, "Dada, wewe nisikie tu, usinisomeshe." Naomba mlikumbuke hilo nitakapofika kwenye mambo ya karatasi.

Mwaka 2000 aliweka meza ya kutengeneza redio mjini Busia, upande wa Uganda. Baadaye akaongeza simu, kisha vipaza sauti vya kukodisha kwa arusi na misiba. Meza hiyo ndiyo iliyomletea mke. Mwaka 2002 msichana kutoka Mella, Loyce Amulen, alileta redio ya baba yake iliyokwama kwenye stesheni moja. Kazi ya nusu saa. Bwire alikaa na redio hiyo miezi mitano, kila akija anaambiwa kipuri bado hakijafika. Mwishowe Amulen alimwambia kwamba kama anataka kumwona aseme, lakini baba yake anahitaji kusikia habari. Ng'ombe walikwenda Mella, na tarehe 18 Desemba 2004 wakafunga ndoa kanisani. Mungu aliwajalia watoto watatu: Sandra, Oguttu na Atai. Kwa miaka ishirini Amulen alimpikia mtu aliyekula amesimama, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Nililalamika mimi kwa niaba yake.

Sasa nifike kwenye kazi iliyomfanya ajulikane. Tarehe 7 Agosti 2016, Bwire alifunga simu yake kwenye mti wa kuvulia samaki, akausimika kando ya uwanja wetu, akaonyesha mechi ya Dabani na Lunyo moja kwa moja mtandaoni. Walitazama watu kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa hapo hapo uwanjani. Akauita mtandao wake Mstari Laivu. Nilimuuliza ni nani duniani mwenye shida ya kutazama vijana wa Dabani wakifukuzana na mpira ulioshonwa. Alinijibu kwamba nisubiri.

Jambo lililomwinua lilikuwa la mpakani kabisa. Facebook ilipofungwa Uganda mwanzoni mwa mwaka 2021, waliokuwa wakionyesha mipira upande huu walikwama. Bwire alikuwa na laini ya Kenya. Alipanda juu ya kile kichuguu, akainua simu mpaka ikanusa mtandao wa ng'ambo, kisha akaweka kiti chake hapo hapo. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa na wafuasi elfu arobaini. Wengi walikuwa watoto wetu walioko mbali: walinzi wa Dubai, wasichana wa kazi Saudia na Oman, mafundi wa Kampala na Nairobi.

Alikuwa na mtindo wake wa kazi, nao ulinichosha sana. Kabla ya refa kupuliza filimbi alibeba kamera akatembea kuuzunguka uwanja wote, polepole, uso kwa uso, akimtaja kila mtu kwa jina. Mama fulani huyu hapa, magoti yanamsumbua, lakini amekuja. Fundi fulani huyu, amepata mjukuu. Aliita kazi hiyo kusalimia. Kusalimia kulichukua dakika kumi na tano, wachezaji wamesimama juani, refa anatazama saa. Nilimwambia huo ni upuuzi, watu wanataka mabao. Siku moja akanionyesha ujumbe wa binti wa Lunyo aliyekuwa mwaka wa nne akifanya kazi za ndani Muscat, hajawahi kuruhusiwa kurudi. Binti aliandika: "Nimemwona baba. Koti nililomtumia amelivaa." Baba huyo alifariki mwaka uliofuata, na binti hakuweza kuja kuzika. Tangu siku hiyo sikusema tena habari ya mabao.

Wakati huohuo kule Tororo kulikuwa na mtandao mwingine, Mwamba Spoti. Huo ulikuwa na kamera za kweli, gari, ofisi yenye milango miwili, na watangazaji waliovaa tai kwenye jua la saa nane. Mwenyewe ni Bwana Peter Imalingat, ambaye mnamwona pale safu ya kwanza. Bwana Imalingat ni kaka mkubwa wa Amulen. Ndiyo. Mitandao miwili inayogombania mpira mmoja ilikuwa ya mtu na shemeji yake. Walikuja kwenye mechi ileile, mmoja akakaa upande huu wa uwanja, mwingine upande ule, watangazaji wao wakarushiana maneno hewani mpaka mwisho, halafu wote wawili wakaja kula kwa Amulen. Amulen aliwapakulia, akaenda kulia chakula chake jikoni.

Mwaka 2023 kampuni moja ya vinywaji ya Kampala iliwaambia kwamba haiwezi kutangaza biashara kwa watu wawili wanaoonyesha jambo moja. Wakakubaliana kuungana. Wazo lilikuwa zuri, nami sikulipinga. Tororo ilete kamera na ofisi, Dabani ilete viwanja na watazamaji. Jumamosi tarehe 17 Juni 2023 Bwire alikwenda Mella kutia sahihi, peke yake, bila mwanasheria, na bila mimi. Karatasi yenyewe iliandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu Ateso ya Bwire, lugha ya huko ukweni, ilikuwa ya kuombea maji na shemeji yake Kisamia hakijui kabisa. Karatasi ya Kiswahili. Nina dada mwalimu wa Kiswahili, kutoka hapa mpaka kwake ni mwendo wa robo saa kwa pikipiki, karatasi ya maisha yangu imeandikwa kwa Kiswahili, naenda kuitia sahihi bila kumwonyesha. Huyo ndiye ndugu yangu.

Na aliitia sahihi wapi? Nyumbani kwa wakwe. Ninyi wazee mnajua mambo yetu. Mkwe akifika ukweni hukaa anapokalishwa, hula anachopewa, sauti haipandi, na chakula hakirudishwi. Walimchinjia kuku, wakampa kiti kizuri, wazee wa Amulen wakakaa duara, na baada ya kula Bwana Imalingat akasoma vifungu kumi vya mkataba kwa sauti. Kila kifungu kilipokwisha aliuliza kama kuna neno. Kila mara Bwire alijibu, hakuna neno. Na neno lilikuwepo, kifungu cha saba. Ninakisoma kama kilivyo:

"Mechi za vijijini zitaonyeshwa moja kwa moja, Bwire akiwepo."

Akiwepo. Jamani. Ningekuwa pale ningelisimamisha hapo hapo, ukwe au si ukwe. Bwire alielewa kwamba maadamu yeye ni mwenzao katika kampuni, mechi za vijiji hazitaguswa. Wale wa ofisi ya Tororo walielewa kwamba mechi za vijiji zitaonyeshwa siku ambazo Bwire mwenyewe yuko uwanjani. Na ubaya wa lugha yetu ni kwamba wote wawili walikuwa sahihi. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wangeliona tundu hilo. Wangeandika "maadamu Bwire yu hai", au wangeacha tu kumtaja Bwire.

Mtandao mpya uliitwa Mwamba Mstari. Baada ya miezi sita walichapa fulana, nafasi ikawa ndogo, ukabaki Mwamba. Hilo nalo alisema hakuna neno.

Kifungu cha saba kilimuuma kwa mara ya kwanza Jumapili tarehe 20 Agosti 2023. Bwire alikuwa kitandani na malaria. Binti yake Sandra, ambaye alishajifunza kamera kuliko baba yake, alikwenda Lunyo akasimika kila kitu. Alipoanza kusalimia, Tororo wakakata. Akapiga simu, akaambiwa Bwire hayupo. Bwire alimpigia shemeji yake akiwa anatetemeka kwa homa, na shemeji akamsomea kifungu. Nilikuwa nimekuja kumjulia hali, kwa hiyo nilisikia. Aliweka simu chini, akavuta blanketi, akasema, "Shemeji ashasema. Basi mimi nakuwa pale."

Nilimwambia apande pikipiki aende Tororo akaondoe neno moja. Neno moja tu. Akaniambia mtu habishani na ukweni juu ya neno. Nikamwambia basi mimi nitakwenda, akakataa kabisa, akasema nitamwaibisha mke wake. Tulinuniana mwezi mzima.

Kuanzia hapo Bwire alikuwa pale. Kila Jumamosi na kila Jumapili, kwa miaka miwili, hakuna uwanja kati ya Lunyo na Mella ambao hakufika. Ofisi ya Tororo ilitaka ushahidi, kwa hiyo kabla ya kila mechi alijipiga picha akiwa uwanjani, mstari ukionekana nyuma yake, akawatumia. Sandra amezihesabu picha hizo, ni mia moja tisini na tatu. Iliyoko mbele ya kijitabu chenu ni mojawapo. Mkiitazama vizuri mtaona soksi ya mguu wa kushoto imefungwa kwa bandeji. Hatukuwa na picha nyingine ya mwaka huu ambayo mguu wake haukuonekana, maana alikuwa hapigi picha kwa sababu nyingine yoyote.

Sasa ugonjwa. Sukari ilionekana mwezi Machi 2022. Aliambiwa ajilinde miguu kuliko kitu kingine, naye akaahidi. Tarehe 24 Novemba 2024, akisalimia watu kule Mella, alikanyaga msumari wa benchi bovu. Ganzi ilishaingia mguuni, hakusikia. Siku ya tatu Amulen alikuta damu kwenye soksi alipokuwa akifua. Daktari alimwambia asikanyage chini wiki sita. Wiki iliyofuata Bwire alikwenda uwanjani amebebwa kwa bodaboda, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mstari, mguu juu ya debe, akapiga picha yake, akatuma. Nilipomgombeza alinitazama kwa mshangao wa kweli. Akasema, "Lakini Dada, mimi nakaa tu. Mguu gani inakataza mtu kukaa?"

Sikumsahihisha. Nilikuwa nimechoka.

Tarehe 11 Februari 2025 alikatwa kidole gumba cha mguu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ndugu yangu alijikwaa vyote viwili. Mwezi Julai daktari akasema mguu uondolewe chini ya goti ili mtu apone. Bwire alikubali, lakini akaomba kwanza Kombe la Mavuno liishe. Sote tulimwambia. Mama alimwambia, Baba Padri alimwambia, Amulen alimpigia magoti. Sikio la kufa halisikii dawa, nami nasema hivyo nikijua ni neno kali kulisema mbele ya jeneza. Nimekasirika, na siwezi kusimama hapa nijifanye sijakasirika.

Jumamosi tarehe 30 Agosti ilikuwa nusu fainali, Lunyo. Alifika anatetemeka, akajipiga picha, akatuma. Sandra akazunguka na kamera, naye akiwa kitini akataja majina ya watu kupitia kipaza sauti mpaka sauti ikaanza kupotea. Bwana Imalingat aliiona ile picha akiwa ofisini Tororo. Ninampa haki yake: hakumtuma mtu. Aliacha kila kitu, akaendesha gari mwenyewe mpaka Lunyo, akamwinamia shemeji yake, akambeba mgongoni mbele ya watu wote mpaka garini. Mkwe kumbeba mkwe mgongoni, wazee, mnajua hilo si jambo dogo. Alimfikisha hospitali ya Tororo, wakamkata mguu Jumatatu, lakini sumu ilishaingia kwenye damu.

Nilikaa naye wodini. Siku ya Alhamisi nilitoka kwenye baraza nikamkuta Bwana Imalingat ameinama, nikamuuliza kwa nini, katika miaka miwili, hakufuta neno moja. Alinijibu hivi, na nina ruhusa yake kulisema: "Mwalimu, nilikuwa namngoja aniombe. Nilisoma mbele ya wazee, ningefutaje mwenyewe? Angeniomba mara moja tu." Nikarudi ndani, nikamuuliza Bwire kwa nini hakuomba. Bwire akasema alikuwa anangoja shemeji aone mwenyewe. Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake. Miaka miwili, mechi mia moja tisini na tatu, na mguu mmoja, kwa heshima. Nilitoka tena nje, maana nilitaka kupiga mtu na wote wawili hawakuwa wa kupigwa.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa moja na robo asubuhi, mkewe akimshika mkono, mimi na shemeji yake tukiwa miguuni. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Jumatano ofisi ya Tororo ilituma ujumbe. Mistari miwili ya kwanza ilikuwa ya pole. Mstari wa tatu ulisema kwamba, kwa mujibu wa kifungu cha saba, fainali ya Kombe la Mavuno na mechi nyingine zote za vijijini hazitaonyeshwa tena. Sandra ndiye aliyenisomea, kisha akaniuliza wale wa Muscat watatuona wapi. Nilimpigia Bwana Imalingat. Alisema kwa masikitiko kwamba yeye hakuuandika ujumbe huo, ila wale wa Kampala wameshanunua hisa na sasa wana kura zao, na kubadilisha kifungu kunahitaji sahihi mbili, yake na ya Bwire. Ya Bwire tutaitoa wapi?

Nieleze sasa jambo linalowasumbua wengi wenu tangu mlipofika, yaani kaburi. Mmeliona liko kule chini, si hapa mbele ya nyumba. Bwire aliomba hivyo Jumamosi iliyopita, akiwa na akili zake, mbele yangu na mbele ya mkewe. Alisema azikwe mwisho wa shamba, pale ardhi yetu inapokutana na uwanja. Hakusema sababu. Mzee Maloba, baba yetu mdogo, alikataa, na alikuwa na haki. Kwetu mwanamume mwenye nyumba huzikwa kwenye ua wake, mbele ya mlango wake. Alisema hatazika mtoto wa kaka yake pembeni mwa uwanja mithili ya kibendera cha kona. Tulikaa vikao vitatu. Ninakiri kwamba katika viwili vya kwanza nilikuwa upande wa Mzee Maloba. Niliona ni ukaidi uleule, eti hata kufa anataka kufia kazini.

Kikao cha tatu Mama aliomba neno. Hakusimama, magoti hayamruhusu. Alisema, "Mtoto wangu amekaa kule maisha yake yote. Leo ndiyo mnataka aanze kukaa nyumbani?"

Mzee Maloba aliinuka. Kisha alikwenda mwenyewe na fimbo yake, akapima, akarudi kutuambia kwamba pale bado ni shamba la Oguttu, na kutoka kaburini hadi mstari wa uwanja ni hatua kumi na moja. Hapo ndipo nilipoelewa ndugu yangu alichokuwa anafanya. Mwalimu mzima nilihitaji kupimiwa kwa fimbo.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Agneta Mugeni. Mjane, Loyce Amulen. Watoto, Sandra, Oguttu na Atai. Dada, mimi Kate Taaka. Baba mdogo, Mzee Maloba. Shemeji, Bwana Peter Imalingat. Na watu elfu arobaini na moja waliotawanyika duniani, ambao hatuwezi kuwaandika hapa, ila yeye wengi wao aliwajua wazazi wao kwa majina. Mungu aliyempa sauti ampe sasa na kimya, na mguu ule usimsumbue tena.

Ninamaliza na somo dogo, mniwie radhi, ndiyo kazi yangu. Kiswahili kina njia tatu za kusema mahali alipo mtu. Roho ya Bwire iko kwa Mungu: hiyo ni ko, mahali tusipoweza kupaonyesha kwa kidole. Mwili wake, baada ya saa moja kutoka sasa, utakuwa umo kaburini: hiyo ni mo, ya ndani. Ya tatu ni po. Po ni ya mahali panapojulikana, mahali ambapo mtu anaweza kwenda akapima kwa fimbo na kurudi.

Bwana Imalingat, shemeji yetu, najua utasimama baada yangu kutoa rambirambi. Kesho saa kumi jioni ni fainali, Dabani na Mella, kwenye uwanja huu. Wakitaka Lunyo nao watakuja kucheza hapa, na kila kijiji kitakuja kucheza hapa, uwanja ni mpana. Kubadilisha kifungu cha saba kunahitaji sahihi ya Bwire, na hatuna. Kukisoma hakuhitaji sahihi. Sandra atapiga picha ya kaburi na mstari nyuma yake, atawatumia. Hutaki kubishana na ukweni, nami sikuombi ubishane. Simama tu, mbele ya wazee hawa, usome kifungu kama ulivyokisoma siku ile, halafu utuambie kama kuna neno.

Maana Bwire yupo.